Kupeleka mtandao wa ofisi jengo la pili: mita 118, je, waya wa shaba utafaa?

Mhasibu wa Ziwani

Habari za kazi, wakuu. Mimi ni mhasibu katika chama cha akiba na mikopo hapa Mwanza, na kwa kuwa hatujaajiri mtaalamu wa kompyuta, kazi ya kutunza mtandao wa ofisi imeniangukia kwa miaka 4 sasa. Tuko katika jengo moja lenye kompyuta 14, printa 3 na seva moja yenye programu ya akaunti za wanachama, na vyote vimeunganishwa kwenye swichi ya poti 24 iliyo karibu na rauta ya intaneti. Wanachama wameongezeka, chumba cha mikopo hakitoshi tena, na uongozi umekodi vyumba viwili katika jengo lililo nyuma yetu, ng'ambo ya uwanja unaopitwa na malori ya kwenda ghalani. Watumishi 9 wa mikopo watahamia huko mwezi ujao, nao hawawezi kufanya lolote bila kuifikia seva, kwa sababu kila fomu ya mkopo hujazwa humo na kila rejesho huingizwa humo humo.

Nimepima kwa utepe. Nikifuata ukuta wa uzio kutoka kwenye swichi hadi chumba kipya, napata mita 118. Kukatisha juu ya uwanja ni kama mita 85, kabla sijahesabu kupanda na kushuka ukutani. Fundi aliyekuja kutazama amependekeza tununue boksi moja la waya wa shaba wa Cat6, tuupitishe hewani hadi kibanda cha mlinzi, pale tuweke swichi ndogo ya poti 5 ili kuupa mtandao nguvu, kisha tuendelee hadi jengo la pili. Huko mwisho anataka tuweke rauta ya zamani tuliyo nayo kabatini ili wapate na Wi-Fi.

Naomba ushauri kwa mambo mawili. Kwanza, je, njia hii ni salama kwa ofisi inayoshika fedha za watu? Pili, kompyuta zitakazokuwa nyuma ya ile rauta ya zamani zitaiona seva kama zinavyoiona hizi za huku? Niongeze kwamba kila jengo lina mita yake ya LUKU.

Fundi Nyaya

Ndugu Mhasibu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua, na hilo la mita mbili za LUKU ndilo lililonifanya nijibu mapema.

Nianze na urefu. Kiwango kinachofuatwa na mafundi wa nyaya za mtandao ni mita 100 kwa waya mmoja wa shaba, yaani mita 90 za waya uliofungwa ukutani pamoja na mita 10 za vile vipande vifupi vya kuunganishia kwenye ncha zote mbili. Ukivuta mita 118 bila kituo, huenda taa ya swichi ikawaka na watu wakashangilia, lakini taa kuwaka ni jambo moja na data kufika salama ni jambo jingine. Utakuta mtandao umeshuka kutoka Mbps 1000 hadi 100, au programu ya akaunti inaganda katikati ya muamala, na utatafuta kosa kwenye programu kwa wiki nzima ilhali kosa liko kwenye waya.

Swichi ya kibandani inatatua urefu, lakini inazaa matatizo mengine. Kibanda kina joto, vumbi na mvua ya upepo, na umeme wake ukikatika, jengo la pili lote linazima hata kama ninyi mna UPS, yaani betri ya akiba, huku na kule. Nimewahi kuitwa mahali ambapo mtandao ulikuwa ukipotea kila siku kati ya saa 12 na saa 2 usiku, tukagundua kwamba mlinzi alikuwa akichomoa plagi ya swichi ili achaji simu. Mlinzi hakuwa na kosa, kwani soketi ilikuwa moja na hakuna aliyemweleza kile kisanduku ni cha nini.

Hata hivyo, hayo yote ni madogo. Jambo ambalo ningekuomba ulipeleke kwa uongozi wako kabla ya jingine lolote ni kwamba waya wa shaba kati ya majengo mawili haubebi data peke yake, bali unaunganisha umeme wa majengo hayo. Kila jengo lina fimbo yake ya ethi, ile ya kupeleka umeme uliopotea ardhini. Radi ikipiga karibu, si lazima ipige jengo lenyewe, ardhi iliyo chini ya jengo moja hupanda volti kwa nukta moja kuliko ardhi ya jengo la pili, na ule umeme hutafuta njia ya kujisawazisha. Ukiwa umetandaza shaba kati yao, njia ni hiyo, inayopita ndani ya swichi yako, ndani ya kadi za mtandao na ndani ya seva. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi Afrika, na wewe unapanga kutundika shaba hiyo hewani.

Haya nimeyaona kwa macho. Katika shule moja niliyofanyia kazi, bweni na maabara viliunganishwa kwa waya wa aina hii, na baada ya mvua ya usiku mmoja wa Machi tulikuta swichi 3 zimekufa na kompyuta 8 ambazo zilikuwa zikiwaka vizuri kabisa ila hakuna iliyoweza tena kuingia kwenye mtandao. Poti zao zilikuwa na weusi kama wa moshi wa kibatari. Kwenu kuna seva yenye akiba za wanachama.

Kwa nyaya za ndani ya chumba kipya Cat6 inafaa kabisa, ila kagua kabla ya kulipa. Chukua wembe, kwaruza uzi mmoja mwembamba wa ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe dukani.

Mnara Mfupi

Nakubaliana na Fundi Nyaya kuhusu shaba, lakini kabla hamjafikiria kuchimba mtaro wa waya wa aina nyingine, ifikirieni njia ya antena. Kuna antena ndogo za 5 GHz zinazofungwa mbili mbili, moja kwenye kila paa, zikitazamana, na kwa mita 85 kazi hiyo ni nyepesi mno kwao kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya kilomita kadhaa. Fundi mwenye ngazi na dira anaweza kuzifunga kwa siku moja. Hakuna mtaro, hakuna waya kati ya majengo, hivyo ile njia ya umeme aliyoieleza haipo.

Masharti yake ni mawili. Antena zionane waziwazi, na kuonana hakutoshi kuwa kwa mstari mwembamba kama uzi. Mawimbi yanahitaji nafasi inayotuna katikati kama gunzi la hindi, na kwa umbali wenu nafasi hiyo hufika kama mita 1 kila upande wa mstari katikati ya safari. Majani ya mti yakiingia humo, hasa yakiwa yamelowa, kasi hushuka. Sharti la pili ni ulinzi: weka nywila ndefu na usimbaji wa WPA2 au zaidi, ubadilishe nywila ya kiwandani ya kifaa chenyewe, na ununue kifaa chenye kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Waya unaoteremka kutoka paani nao ni wa shaba, kwa hiyo uwekee kinga ya radi iliyofungwa kwenye ethi ya jengo hilo hilo.

Mhasibu wa Ziwani

Nawashukuru sana. Nilipeleka maelezo ya radi kwa meneja, na pendekezo la kutundika shaba limekufa siku hiyo hiyo.

Kuhusu antena, nilipanda paani jana na mwenzangu akapanda la pili. Kati yetu kuna mwembe mkubwa ambao mwenye uwanja hakubali uguswe, na kwa haki kabisa, kwa sababu ndio kivuli cha wapakuzi. Nilimwona mwenzangu kupitia pengo la matawi pale tu upepo ulipovuma. Aidha, malori yenye maturubai marefu huegesha hapo karibu kutwa nzima. Kuinua milingoti juu ya mwembe kunawezekana, ila mlingoti mrefu wa chuma kuliko vyote mtaani unanitia hofu ile ile ya radi.

Habari njema ni kwamba mwenye uwanja ameruhusu tuchimbe mtaro kandokando ya uzio. Nafikiria kupitisha humo faiba, ule waya wa nyuzi za kioo unaobeba mwanga badala ya umeme, lakini wengi wananiambia ni ya makampuni ya simu na kwamba ofisi ndogo haiwezi kuimudu. Je, ni kweli? Na nifanye nini kwenye ncha zake, maana swichi yangu ina poti za shaba tu?

Mwalimu wa Mwanga

Ndugu yangu, hiyo sifa ya ughali imebaki tangu zamani. Waya wenyewe wa faiba leo ni nafuu, na katika kazi yako sehemu kubwa ya fedha itakwenda kwenye jembe, bomba na saruji. Kwa sababu hiyo usinunue waya wenye nyuzi 2 tu eti kwa kuwa ndizo zinazotumika. Weka wenye nyuzi 12. Tofauti ya bei ni ndogo, na siku uzi mmoja ukikatika au ofisi ikikua hutachimba tena.

Chagua faiba ambayo kila uzi wake hupitisha mwanga kwa njia moja tu, ile inayoitwa single-mode, ambayo kwa kawaida huja na ganda la njano kwa nyaya za ndani na jeusi kwa za nje. Usikubali ile ya multi-mode, yenye njia nyingi za mwanga, kwa kuambiwa kwamba umbali ni mfupi. Single-mode ndiyo inayopatikana kila mahali hapa nchini kwa kuwa ndiyo wanayotandaza watoa huduma wa intaneti, kwa hiyo hata mafundi wa kuunganisha wameizoea, na miaka ijayo utaongeza kasi kwa kubadilisha vifaa vya ncha bila kugusa waya ulio ardhini.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Waya wa nje wa faiba mara nyingi hutiwa bati la chuma au uzi wa chuma wa kuupa nguvu. Ukinunua huo na kuufunga ncha zote mbili kwenye kabati za vifaa, umerudisha ile njia ya radi kwa mlango wa nyuma. Omba usio na metali yoyote ndani, wenye fimbo ya plastiki ngumu katikati. Kwa kuwa hautakuwa na bati la kuzuia panya, upitishe ndani ya bomba la plastiki la HDPE la milimita 32 tangu mwanzo hadi mwisho, uzibe midomo ya bomba, na uache kamba ya kuvutia humo ndani kwa ajili ya siku nyingine. Mtaro uwe na kina cha sentimita 60, na pale malori yanapokatisha uchimbe zaidi na ufunike bomba kwa zege. Sentimita 30 juu ya bomba laza utepe wa onyo, ili mchimbaji wa mabomba ya maji autoe utepe kabla hajafika kwenye mwanga wako.

Faiba haipendi kukunjwa. Wakati wa kuvuta, mzunguko wa kona usiwe na nusu-kipenyo pungufu ya mara 20 ya unene wa waya; ukishatulia, mara 10 inatosha. Kwa waya wa milimita 8 hiyo ni sentimita 16 wakati wa kuvuta, karibu na nusu-kipenyo cha ndoo ya lita 20. Kwa hiyo usitumie kona kali za bomba la maji. Kata kona kwa mzunguko mpana.

Ncha zake mwite fundi mwenye mashine ya kuunganisha kwa kuyeyusha. Hiyo ni kazi ya saa chache. Kila uzi wa waya wako unaunganishwa na kipande kifupi chenye kichwa tayari, kisha vyote vinalala ndani ya kisanduku cha ukutani. Muungano mzuri hupoteza chini ya dB 0.1 (dB, yaani desibeli, ni kipimo cha mwanga unaopotea), na waya wenyewe hupoteza kama dB 0.35 kwa kilomita nzima, kwa hiyo katika mita 118 hasara haina uzito. Mwambie apime nyuzi zote 12 kwa kipima mwanga na akuachie namba zake kwa maandishi. Vichwa vyote viwe vya rangi moja. Vya bluu vimesagwa sawasawa na vya kijani vimesagwa kwa mshazari. Ukichomeka cha bluu kwenye cha kijani vitaingia vizuri lakini mwanga utarudi nyuma na mtandao utasumbua. Kwa kazi yako chagua bluu.

Kuhusu swichi, una njia mbili. Ya kwanza ni kigeuzi kidogo kila upande, ambacho huingiza faiba na kutoa shaba. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kununua swichi mbili zenye matundu ya SFP, yaani ya kuchomekea moduli za faiba, na moduli za 1000BASE-LX, moja kila upande. Kigeuzi ni sanduku jingine lenye adapta nyingine ya umeme, na katika uzoefu wangu adapta hizo ndogo hufa kabla ya kitu kingine chochote. Mwanga wa moduli hizi hauonekani kwa jicho, lakini huenda ukadhuru jicho. Mwelezeni kila mtu asichungulie ndani ya kichwa cha faiba, na vile vipande vya kioo anavyokata fundi akusanye kwenye chupa yenye kifuniko.

Dada wa Seva

Mwenzangu amemaliza habari za ardhini, nami nijibu swali la pili ambalo naona limesahaulika: ile rauta ya kabatini.

Jibu fupi ni kwamba usiiweke kama ilivyo. Rauta hugawa anwani za IP kwa kila kifaa kinachoingia, kazi inayoitwa DHCP, na katika mtandao mmoja mgawaji anatakiwa kuwa mmoja. Ukichomeka waya wa kutoka makao makuu kwenye poti ya LAN (ya mtandao wa ndani) ya rauta hiyo huku ugawaji wake haujazimwa, utakuwa na wagawaji wawili wanaoshindana. Asubuhi moja nusu ya watumishi, pamoja na wa jengo la zamani ambalo hamkuligusa, watawasha kompyuta na kukosa seva, wengine watafanya kazi kama kawaida, na hakuna atakayeelewa kwa nini. Ukikutwa na hali hiyo, fungua dirisha la amri la Windows, andika ipconfig, usome anwani ya lango (Default Gateway), yaani ya rauta. Kama mtandao wenu hutumia 192.168.10.1 na kompyuta iliyokwama inaonyesha 192.168.0.1, umempata mgawaji wa pili.

Ukiichomeka kwenye poti ya WAN (ya kuelekea intaneti) badala yake, hakuna ugomvi, lakini kompyuta 9 zitakuwa zimejificha nyuma ya ukuta. Zitaweza kuifikia seva kwa anwani yake, ila printa za kule hazitaonekana kutoka huku, na kila utakapotaka kumsaidia mtumishi kwa mbali utakwama. Kama ni lazima itumike, zima DHCP yake, ipe anwani isiyogongana na nyingine, na waya uingie LAN. Hapo inakuwa kituo cha Wi-Fi tu, na seva itaonekana kama inavyoonekana huko mlipo.

Kisha hesabu anwani zenu. Mtandao wa kawaida wa ofisi una nafasi 254, lakini rauta nyingi zimewekwa zigawe kipande tu, kwa mfano kuanzia 100 hadi 149, ambazo ni 50. Kompyuta 23, printa, na simu za watumishi zinazoingia Wi-Fi bila kuuliza zinaweza kuzimaliza. Ningeshauri simu zisiingie kabisa kwenye mtandao wa seva: swichi mtakazonunua zikiwa na VLAN, yaani uwezo wa kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao iliyotengana, tengeni moja ya kazi na moja ya simu na wageni, zote zikipita kwenye uzi ule ule wa faiba. Kwa chama kinachotunza akiba za watu hili mimi ningelipa uzito sawa na ule wa radi. Washeni pia STP, kinga ya kuzuia mzunguko wa nyaya, kwenye swichi, kwa sababu katika vyumba vipya mtu ataona waya unaning'inia, atauchomeka kwenye tundu la jirani kwa nia njema, na mzunguko huo utaangusha majengo yote mawili.

Mhasibu wa Ziwani

Wakuu, na wewe dada, narudi kutoa taarifa baada ya wiki 6.

Tulifanya kwa faiba, nyuzi 12, isiyo na metali. Mtaro ulichukua siku 4 kwa vibarua watatu, siku moja na nusu kati ya hizo ikiishia kwenye mita 7 za njia ya malori peke yake, kwa sababu tulikuta mawe. Fundi wa kuyeyusha alikuja asubuhi akamaliza kabla ya adhuhuri. Tulipochomeka moduli, taa haikuwaka upande wowote, nami moyo ukanidunda. Akacheka, akachomoa vile vichwa viwili vya upande mmoja, akavibadilishana nafasi, na taa za kijani zikawaka huku na kule kwa pamoja. Kumbe nyuzi zilikuwa zimeelekezwa mtumaji kwa mtumaji na mpokeaji kwa mpokeaji.

Nilinakili faili la GB 4 kutoka kwenye seva hadi kompyuta ya mbali kabisa kwa sekunde 38, na kwa ping, jaribio la kuita kifaa na kusubiri jibu, kila jibu linarudi chini ya milisekunde 1. Simu ziko kwenye VLAN yao. Rauta ya kabatini nimeirudisha kabatini, tukanunua kituo cha Wi-Fi kinachopata umeme kupitia waya wa mtandao kutoka kwenye swichi mpya, na swichi hiyo iko kwenye UPS yake.

Swali moja limebaki: juzi umeme ulikatika jengo la pili pekee na UPS ikadumu dakika 20 tu. Je, niongeze betri, au kuna ninachokosea?

Fundi Nyaya

Hongera sana. Kagua kama kuna printa ya leza iliyochomekwa kwenye UPS hiyo, maana ikipasha joto hula umeme mwingi kuliko swichi na kituo cha Wi-Fi kwa pamoja. Iondoe, kisha upime tena.

Mhasibu wa Ziwani

Ilikuwepo. Nimeiondoa, na leo imedumu saa 1 na dakika 50. Kwenye mlango wa kisanduku cha faiba nimebandika karatasi kwa ajili ya atakayenirithi kazi hii: "Uzi 1 na 2 vinatumika. Uzi 3 hadi 12 ni akiba, vimepimwa. Vichwa vya bluu tu. Usichungulie ndani. Bomba linafuata uzio, sentimita 60 chini, sentimita 90 kwenye njia ya malori."